Sosi ya Kithai haionjwi kwa kijiko

Mara ya kwanza nilipoitengeneza nyumbani sosi hii ya saladi ya papai bichi, wifi yangu alitia mdomoni mara mbili, akaweka uma pembeni, akaniuliza kwa ule upole wa mgeni aliyealikwa: "Wifi, hii ni kachumbari umesahau kuweka nyanya?"

Niliudhika, lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nimekamua ndimu sita, nimekatakata pilipili kichaa, nimetia chumvi, na ile chupa ya sosi ya samaki niliyoibeba kutoka Bangkok nikaitumia kwa uoga, matone matatu kama dawa ya macho. Kilichotoka kilikuwa kikali na kichachu, basi. Papai bichi nililolikwaruza kwa nusu saa nzima lilikuwa linaogelea humo halina habari na mtu.

Tangu siku ile nimeitengeneza mara nyingi sana, na nadhani nimeiharibu kwa kila njia inayowezekana. Sasa hivi wageni wakija kwangu wanaiulizia kabla ya pilau. Kwa hiyo nimeona niandike, maana kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe kuniuliza "ile saladi yako unatia nini," na jibu haliwezi kuenea kwenye ujumbe wa simu.

Kwanza niseme nilivyoipata. Bangkok nilikwenda kutafuta nguo, chakula hakikuwa kwenye mpango. Wanaofanya biashara ya blauzi na magauni wanaijua Pratunam, soko la jumla lililo chini ya lile jengo refu la Baiyoke. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unawakuta watu wa kila taifa wanahesabu mizigo kwa dazeni, na ukitega sikio vizuri hukosi Kiswahili katikati ya zile kelele. Ikifika saa tano umechoka, jua limepanda, miguu imevimba, na unachotaka ni kitu cha baridi na chenye makali cha kukuamsha.

Kwenye kichochoro cha nyuma ya hoteli niliyofikia kulikuwa na mama mmoja wa makamo na mkokoteni wake wenye kioo. Ndani ya kioo: mapapai mabichi, nyanya ndogo, ndimu, maharage machanga marefu, kamba wadogo waliokaushwa, karanga. Kijana wa mapokezi hotelini ndiye aliyenifundisha nimwite "Pa," ndivyo wanavyomwita mwanamke wa rika la shangazi. Pa ni mtu wa Isan, kaskazini mashariki ya Thailand, upande unaopakana na Laos, na chakula chake, som tam, asili yake ni huko. Jina lenyewe linajieleza: som ni chachu, tam ni kutwanga.

Siku ya kwanza akaniuliza "phrik ki met?" Pilipili ngapi? Nikainua vidole vitano. Mimi mtu wa pwani bwana, pilipili nimeanza kula kabla ya kuota meno. Pa akaniangalia, akacheka, akatia mbili. Zile mbili zilinitosha. Masikio yalikuwa yanapiga filimbi mpaka nafika kwenye duka la mikanda.

Siku ya tatu ndipo nilipoanza kutazama mikono yake badala ya kutazama simu. Alikuwa na kinu kirefu cha udongo wa kuchoma, mchi wa mti mkono wa kulia, kijiko kirefu cha bati mkono wa kushoto. Mchi unashuka, kijiko kinachota kutoka chini na kugeuza, mchi unashuka tena. Hatwangi kama tunavyotwanga kisamvu mpaka kilainike. Anapondaponda tu ili papai lijeruhiwe na linywe. Na alipotaka kuonja hakuchota ule mchuzi hata siku moja. Alikuwa anavuta uzi mmoja wa papai lililolowa, anautafuna, anatazama juu kidogo, halafu anaongeza kitu. Kisha ananipa na mimi uzi wangu kwenye ncha ya kijiko, anasubiri. Nikikunja uso, anajua ni ndimu imezidi. Anaongeza sukari, anapiga mchi mara tatu, ananipa tena.

Mimi nyumbani nilikuwa naonja sosi yenyewe kwa kijiko, na nilikuwa nairekebisha mpaka inapendeza kwenye kijiko. Hapo ndipo nilipokuwa naharibu. Papai bichi halina chumvi, halina uchachu, halina utamu. Tena likikutana na chumvi linatoa maji. Tango ndiyo usiseme. Kwa hiyo sosi iliyo nzuri kwenye kijiko, ukiimwagia kwenye bakuli la papai inakuwa maji ya kunawia. Ikiwa peke yake, sosi hii inatakiwa ikushtue: kali mno, chumvi mno, chachu mno, tamu mno, vyote kwa pamoja. Ukiionja peke yake ukasema "mmh, tamu hii," bado hujafika.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Ndimu sina la kuhangaika nalo, na hili lilinifurahisha. Ndimu zao ndogo zenye ganda jembamba, wanazoziita manao, ni jamii ileile ya ndimu zetu hizi za sokoni. Usitumie limau, lile la njano kubwa. Uchachu wake ni wa upole na harufu yake inapeleka chakula upande mwingine kabisa. Na usitumie ndimu ya chupa. Binamu yangu yuko Muscat, alijaribu na ya chupa kwa sababu ilikuwepo kwenye friji, akanipigia simu kunilaumu mimi. Viringisha ndimu mezani kwa kiganja kabla ya kukata. Wao hawaikati katikati kama sisi. Wanakata mashavu pembeni ya kile kiini cha katikati, inakamulika kirahisi na mbegu nyingi zinabaki. Kisha ikamue kwa adabu. Ukiiminya mpaka ganda linalia, unatoa na mafuta ya ganda na uchungu wa ule weupe, na uchungu huo hauna dawa. Pa alikuwa anatupia hata vipande viwili vya ndimu iliyokwisha kukamuliwa ndani ya kinu, lakini hivyo anavigonga kidogo tu kwa ajili ya harufu.

Chumvi ya sosi hii inatoka kwenye nam pla, sosi ya samaki. Hapa ndipo Waswahili wengi tunapoogopa, na mimi sikuelewi kuogopa kwenyewe, kwa sababu sisi ni watu wa papa na ng'onda. Nam pla ni samaki wadogo jamii ya dagaa na chumvi, basi. Kwa kawaida mafungu matatu ya samaki kwa fungu moja la chumvi, wanawekwa kwenye mapipa au matangi mwaka mzima au zaidi, nyama yenyewe inayeyuka, na kinachochujwa ni maji ya rangi ya chai ya rangi. Ukifungua chupa harufu inakuja moja kwa moja puani, ni kweli. Lakini ikishakutana na ndimu na sukari harufu ile inajificha, kinabaki kile kinachofanya ulimi useme "ongeza." Ukichagua chupa, soma maandishi ya nyuma: dagaa, chumvi, pengine na sukari kidogo. Orodha ikiwa ndefu, rudisha. Na rangi iwe angavu. Ikiwa nyeusi kama mafuta ya gari yaliyokwisha kutumika, imekaa sana.

Nina kisa cha nam pla. Safari ya pili nilinunua chupa tatu, nikazifunga kwenye mifuko ya plastiki, nikazisokomeza katikati ya blauzi zisivunjike. Hazikuvunjika. Kizibo cha moja ndicho kilicholegea, huko angani. Dazeni tano za blauzi. Tulipofika nyumbani mama yangu ndiye aliyefungua begi kunisaidia, akarudi nyuma hatua mbili: "Mwanangu, umenunua nguo au umenunua ng'onda?" Nilizifua mara tatu, nikaziloweka kwenye siki, nikazianika juani siku mbili. Nyingine niliziuza kwa bei ya kutupa, nyingine zimekuwa matambara. Ukiibeba chupa, funga kizibo kwa utepe wa gundi, itie kwenye kopo lenye mfuniko, na uiweke kwenye begi lisilo na kitu unachokipenda.

Siku hizi sibebi tena. Maduka makubwa ya Dar yanauza, na maduka ya vyakula vya Kiasia pia. Kama uko mahali ambapo haipatikani kabisa, kuna njia ya mkato. Chukua kiganja kimoja cha dagaa wakavu, watoe vichwa na matumbo (huko ndiko kuna uchungu), kaanga kavu kidogo mpaka wanukie, tia maji kikombe kimoja na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula, chemsha polepole mpaka yabaki nusu, chuja kwa kitambaa. Ongeza matone ya sosi ya soya kwa rangi. Haitakuwa nam pla, mtu aliyewahi kula ya kweli atajua, lakini ni bora mara kumi kuliko chumvi tupu. Inakaa kwenye friji siku tano hivi.

Wenye presha mnisikilize hapa: kijiko kimoja cha chakula cha nam pla kina zaidi ya gramu 3 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo ukishatia nam pla, chumvi nyingine haina kazi, na mchuzi unaobaki kwenye bakuli usiunywe kama supu. Mama yangu nampa saladi yake pembeni, sosi nusu, ndimu ya ziada.

Sukari. Ukitia sukari nyeupe hutakufa, lakini sosi itakuwa na utamu mkali wa mbele halafu nyuma hakuna kitu. Wao wanatumia sukari ya mnazi au ya mvumo. Na hii inanifurahisha kila nikiifikiria: wanagema kama tunavyogema tembo, mgema anapanda, anakata kole, anatega chombo, isipokuwa wao utomvu wakishaushusha wanauchemsha ungali mtamu, mpaka unakuwa mzito, unapigwapigwa na kuganda. Mkoa wa Phetchaburi ndio unaosifika kwa ile ya mvumo. Ladha yake ni ya karameli yenye moshi kidogo. Kwetu kitu kinachokaribia zaidi ni sukari guru, ile ya vibonge vya kahawia. Ni ya miwa na ladha yake ni nzito zaidi, kwa hiyo natia pungufu kidogo. Ikwangue kwa kisu, usiitupie bonge zima ukidhani itayeyuka. Ndimu ya baridi haiyeyushi bonge la sukari guru, utaikuta chini ya bakuli wageni wameshaondoka. Kama ni ngumu kama jiwe, ilowanishe kwa kijiko cha chai cha maji moto kwanza.

Pilipili ni pilipili kichaa, ile ndogo iliyosimama. Wao zao wanaziita phrik khi nu, maana yake mavi ya panya, kwa umbo lake, na jina hilo mtu akishakwambia huwezi kulisahau ukiwa unakula. Pilipili mbuzi usitie. Naipenda pilipili mbuzi kwenye mchuzi wa nazi kuliko mtu yeyote, lakini harufu yake ni kubwa, inaingia humu na kukaa kwenye kiti cha mbele. Jambo jingine: ukali haukai kwenye mbegu kama tulivyoambiwa utotoni, uko kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Ukitaka harufu ya pilipili bila moto mwingi, ipasue, kwangua utando, tumia nyama yake. Na mgeni akiungua usimpe maji, yanausambaza ukali tu. Mpe maziwa au mtindi.

Nitoke nje kidogo ya jiko. Pilipili hizi si za kwao wala si zetu. Zimetoka Amerika, na waliozisambaza Asia na Afrika ni Wareno hasa, haohao waliofika kwetu pwani mwaka 1498 na kuiteka Malaka, bandari iliyo Malaysia ya leo, mwaka 1511. Kabla ya hapo mtu wa Siam, yaani Thailand ya zamani, aliyetaka makali alitumia pilipili manga, na mpaka leo pilipili manga wanaiita phrik thai, pilipili ya Kithai. Hata papai ni la Amerika. Kwa hiyo mtu akikwambia usithubutu kubadilisha kitu kwenye chakula hiki, mwambie akae chini.

Basi, kipimo changu kwa watu wanne, papai bichi moja dogo linalotoa vikombe vinne hivi likishachanwa nyuzi. Punje tatu za kitunguu saumu. Pilipili kichaa tatu, na kama ni sisi wenyewe nyumbani, tano. Sukari guru iliyokwanguliwa vijiko viwili vya chakula, visijae. Maji ya ndimu vijiko vitatu, yaani ndimu tatu au nne kutegemea msimu. Nam pla vijiko viwili, lakini anza na kimoja na nusu. Uduvi kijiko kimoja, wale wadogo kabisa waliokaushwa. Ukipata kamba wakavu wakubwa kidogo, waloweke dakika tano. Karanga zilizokaangwa na kumenywa kiganja kimoja. Nyanya ndogo sita au nyanya mbili za kawaida, na maharage machanga saba au nane yaliyokatwa urefu wa kidole.

Mpangilio ni muhimu kuliko kipimo. Kitunguu saumu na pilipili kwanza, na chembe ya ile sukari ili viache kurukaruka kinuni. Ponda mpaka vivunjike, visiwe uji. Kipande cha pilipili kinachoonekana ni ukarimu, mgeni anakiona na anakikwepa. Kisha sukari iliyobaki, iponde mpaka ishikane na vile vya mwanzo. Hapo ndipo unamimina ndimu na kukoroga mpaka sukari iyeyuke yote, ukisikiliza: kukiwa na mkwaruzo chini, bado. Nam pla ya mwisho. Maharage, uduvi na nusu ya karanga vigongwe humo mara chache, nyanya zipasuliwe tu zitoe maji yake, halafu papai, mchi na kijiko, mchi na kijiko. Onja uzi.

Kuhusu kinu. Wao wanavyo viwili, cha udongo chenye mchi wa mti kwa som tam, na cha jiwe zito kwa viungo vya kari. Vya jiwe vinavyosifika vinachongwa Ang Sila, mkoa wa Chonburi. Mimi nilianza na kinu changu kidogo cha mti cha kutwangia iliki, na kwa wiki mbili nilikula som tam yenye harufu ya chai ya maziwa. Nunua kingine, cha saumu na pilipili peke yake. Kama huna kinu, laza saumu na pilipili ubaoni na chembe za chumvi, vikatekate kisha uvisage kwa ubavu wa kisu, changanya sosi kwenye bakuli, halafu papai uliminyeminye kwa mkono uliovaa glavu. Glavu usidharau. Blenda sitaki kuisikia: inasaga mbegu, saumu inakuwa kali kwa namna ya kuudhi, na sosi inatoka na povu la rangi ya waridi.

Papai lenyewe wanalichana mkononi, bila ubao: wanalishika kiganjani, wanalipiga kwa kisu kirefu mipasuo mingi kufuata urefu, halafu wanalikwangua juu, nyuzi zinadondoka. Ukitazama unaweza kusema ni miujiza, mpaka ukumbuke mama zetu wanavyokatia sukuma mkononi, hakuna aliyewahi kukata kidole. Mimi natumia kile cha kukwaruzia karoti, upande wa matundu makubwa, sina aibu. Ukishalichana, liweke kwenye maji ya baridi robo saa, lichuje, likaushe kwa kitambaa safi. Usiporuka hatua hiyo ya kukausha, umeshinda nusu ya vita dhidi ya maji.

Ukionja na kitu hakiko sawa, usikimbilie kuongeza kila kitu. Ikiwa chachu mno, ni sukari; sisi mkono wetu kwa ndimu ni mzito kwa sababu ya kachumbari. Ikiwa tamu kama juisi, ni ndimu, na nusu ya ndimu inatosha. Ikiwa kuna kitu kinakosekana na hujui hata jina lake, karibu kila mara ni nam pla, na ndilo lililokuwa kosa langu siku ile ya wifi. Ikiwa chumvi imezidi, usitie maji. Ongeza papai, au tango. Ukali wa pilipili usiupime mara moja: subiri dakika kumi, pilipili zinaendelea kutoa. Nimewahi kuongeza mbili kwa sababu "haisikiki," na tukaja kulia mezani kama msibani.

Mafuta hayaingii hapa. Shemeji yangu aliwahi kutia mafuta ya zeituni "iwe ya kiafya zaidi," kama anavyotia kwenye saladi za hotelini. Yalielea juu, yakaufunga ulimi, kila kitu kikawa kimya. Saladi za Kizungu mafuta ndiyo mwili wake. Hii mwili wake ni sukari na samaki.

Kuihifadhi: sosi iliyokwisha tiwa ndimu inachoka siku hiyohiyo, harufu yake mbichi inakufa na kubaki uchachu mtupu. Kwa hiyo wiki yenye wageni nachemsha kidogo sukari guru na nam pla, sukari mafungu mawili kwa nam pla mafungu mawili, mpaka vishikane, natia kwenye chupa, nakaa nayo kwenye friji wiki mbili bila wasiwasi. Mgeni akibisha hodi, nachota, nakamua ndimu, naponda pilipili na saumu. Dakika tano.

Ukishaizoea hutabaki kwenye papai tu. Embe bichi ni tamu zaidi kuliko papai kwa maoni yangu, ila punguza ndimu kwa nusu kwa sababu embe lina uchachu wake, na mtu yeyote aliyekulia kwenye embe bichi la chumvi na pilipili nje ya geti la shule ataelewa mara moja. Nyama choma iliyolala, ikatwe vipande vyembamba, na vitunguu maji vyembamba na giligilani (dania kwa ndugu zetu wa Kenya), na unga wa mchele: mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta mpaka ukawa rangi ya kahawia, ukatwangwa. Unga huo unanyonya sosi na kutafunika kwa namna ambayo siwezi kuieleza, ukaange tu.

Lakini mfalme ni pweza. Thailand wana saladi za ngisi na kamba zenye sosi hiihii, kali zaidi, saumu zaidi, pamoja na giligilani, na mizizi yake inapondwa pamoja na saumu. Mizizi hiyo sisi tunaitupa sokoni! Mchemshe pweza mpaka uma unaingia bila kugombana, mkate vipande vyembamba, na umwagie sosi angali vuguvugu, maana akishapoa hanywi tena. Sukari punguza iwe kijiko kimoja. Vitunguu vyekundu, matango yaliyotolewa mbegu, majani ya nanaa kama yapo. Hii nilimpelekea wifi yangu kwenye kontena Ramadhani iliyopita, akarudisha kontena limeoshwa, na ndani kuna ndimu nne.

Rojo linalobaki chini ya bakuli (mwenye presha ameshaambiwa), wao wanalimalizia kwa wali wa kunata, wanaufinyanga tonge dogo kwa vidole na kuchovya, kama sisi na ugali. Mimi wali huo sina. Nachovya muhogo wa kuchemsha, ukiwa bado wa moto.